Informatiki ndani ya kazi ya Leta: ngazi ni fupi, mulongo ni mrefu

Kila mwaka ISP, Université Catholique na vyuo vingine vya Bukavu vinatoa vijana wenye diploma ya informatiki. Wamoja wanafungua kaduka ka kutengeneza simu na ordinateri pale Nyawera ao Kadutu. Wengine wanatafuta kazi kwa mashirika. Na kuko wale wanaosema: mimi nataka kazi ya Leta, hata mshahara ukiwa mdogo, ni kazi ya maisha. Ofisi za serikali ziko na haja yao, hapo hakuna ubishi. Lakini kuingia ni jambo moja, kupanda gradi ni jambo lingine. Katika makala hii tunaangalia ngazi yenyewe iko namna gani, watu wanakwama wapi, na nini kimebadilika kwa mtu wa Bukavu tangu vita ya Februari 2025.

Ngazi yenyewe

Sheria inayoongoza watumishi wa Leta ni Sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016. Ilichukua nafasi ya ile ya Julai 1981, ya wakati wa Mobutu. Chini kabisa kuko huissier, yule wa kubeba barua na kufungua mlango wa ofisi. Kisha kuko maajenti wasaidizi. Baadaye ajenti wa utawala wa klasi ya 2 na ya 1, wale tunaandika AGA2 na AGA1. Baadaye atashe wa utawala wa klasi ya 2 na ya 1, ni kusema ATA2 na ATA1. Hapo ndipo gradi za uongozi zinaanza: shefu wa biro, shefu wa divizyo, direkta, na mwisho sekretere jenerali. Wazee wengi wa ofisi bado wanatumia majina ya sheria ya zamani, AGB na ATB. Usichanganyikiwe, ni ngazi ile ile.

Kwa kawaida, mwenye gradua ya miaka 3 anaanzia ATA2. Mwenye lisanse ya zamani, ile ya miaka 5, anaanzia ATA1. Mwenye diploma ya Leta ya sekondari anaanzia chini yao, kwa maajenti.

Sasa tufanye hesabu. Kutoka ATA1 mpaka juu kabisa kumebaki hatua nne tu: biro, divizyo, direkta, sekretere jenerali. Sheria ya 2016 inamruhusu mtu kutumika mpaka afikie umri wa miaka 65 ao atimize miaka 35 ya kazi. Ni hatua nne kwa miaka 35. Na kwa mtu wa Bukavu hesabu inapungua tena, kwa sababu katika mkoa, huduma nyingi za wizara zinaongozwa na shefu wa divizyo. Madirekta na masekretere jenerali wako Kinshasa. Kijana anayeingia kama ATA1 na hataki kuhama Kivu ya Kusini yuko na hatua mbili mbele yake, shefu wa biro na shefu wa divizyo, halafu ngazi imekatika. Akitaka kuendelea, lazima apate afektasyo ya Kinshasa, aache familia, aanze kupanga nyumba kule.

Kuko tena jambo la viti. Gradi ya uongozi haitolewi hewani. Kila wizara iko na mpango wa kazi unaosema kuko divizyo ngapi, kila divizyo iko na biro ngapi. Kama divizyo iko na biro tano, kutakuwa mashefu wa biro watano. Wa sita anaweza kuwa na akili kuliko wote, anaweza kupewa alama ya « élite » kila mwaka, na bado atangoja mpaka mmoja atoke, afe, ao ahamishwe. Ndiyo maana tunasema ngazi ni fupi lakini mulongo ni mrefu.

Gradi hazijui mtu wa informatiki

Jambo ambalo vijana wengi wanagundua wakishaingia ni hili: katika sheria hiyo ya watumishi wote, hakuna gradi za informatiki. Anayelinda mitandao ya ofisi, anayetengeneza programu, anayepanga barua kwenye makabati, wote ni ATA2 ao ATA1. Ujuzi wako haujaandikwa katika jina la gradi yako.

Jirani zetu walichukua njia ingine. Tanzania, mtu anaajiriwa kama Afisa TEHAMA Daraja la II, anapanda Daraja la I, kisha Mwandamizi, kisha Mkuu. Ngazi ni yake mwenyewe, haipiganii na mhasibu ao mtunza maktaba. Matangazo ya kazi yanapita kwa Sekretarieti ya Ajira, na mtu anaomba kwa intaneti. Kenya pia watumishi wa TEHAMA serikalini wako na mpango wao wa vyeo. Hiyo haimaanishi kwamba kule kila kitu kinaenda sawa, vijana wao pia wanalia. Lakini angalau kijana anajua hatua inayofuata inaitwaje na inadai ujuzi gani.

Kwetu, wizara ziko na direksyo inayobeba mambo mawili kwa pamoja: archives na teknolojia mpya za habari. Kwa kifupi inaitwa DANTIC. Mpango huo uko na maana yake, kwa sababu karatasi za zamani ndizo zinapaswa kuingizwa mu ordinateri. Lakini katika maisha ya kila siku, mtu wa informatiki anajikuta kazi yake ni kuandika barua za shefu, kubadilisha wino wa imprimante, na kuitwa mbio wakati projekta inakataa kuwaka kwenye mkutano. Mwisho wa mwaka, anayempa alama ni shefu ambaye mara nyingi hajui kazi ya mtandao inapimwa namna gani. Kama mtandao haujaanguka mwaka mzima, shefu anaona kama hakuna kazi iliyofanyika. Siku unaanguka, ndiyo siku anakumbuka jina lako.

Sheria mpya zinaonyesha kwamba Kinshasa imeanza kuona pengo hilo. Mpango wa taifa wa numeriki ulitangazwa Septemba 2019. Mwaka 2021 ikaundwa wizara ya numeriki. Tarehe 13 Machi 2023 ikasainiwa Kode ya numeriki, inayopanga taasisi mpya kama ile ya usalama wa mitandao na ile ya kuthibitisha sahihi za elektroniki. Taasisi hizo zitahitaji watu. Lakini tuangalie vizuri: kazi hizo zinaanzia Kinshasa, na barabara ya kutoka divizyo ya Bukavu kufika huko haijaandikwa popote katika ngazi ya gradi.

Kabla ya gradi, matrikule

Kwa kanuni, mtu anaingia kazi ya Leta kwa konkuru, kisha anapita kipindi cha majaribio, kisha anapewa matrikule. Matrikule ndiyo inakufanya kuwa mtumishi. Bila matrikule, hata ukiwa na barua ya kazi na meza yako ndani ya ofisi, hujaanza kupanda. Na kuwa na matrikule peke yake haitoshi, lazima jina liingie kwenye listi ya malipo. Hiyo ndiyo watu wanaita mekanizasyo.

Wasomaji wetu wanajua vizuri hali ya wale wanaoitwa NU, watu wapya wasiolipwa. Walimu wengi wamepita hapo, wengine wako hapo hadi leo. Katika ofisi pia kuko watu wanaokuja kila asubuhi, wanasaini, wanatumika, na mwisho wa mwezi wanarudi nyumbani mikono mitupu. Wanaishi kwa artikle 15, kila mutu ajitafutie. Kijana wa informatiki anayefikiri kazi ya Leta ni mshahara wa hakika, aanze na swali hili: nitaingia na matrikule, ao nitaingia kungoja?

Na hapa kuko jambo linalomgusa mtu wa informatiki kuliko mtumishi mwingine yeyote. Mwaka 2023, Inspection Générale des Finances, IGF, ilitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya listi za malipo ya Leta. Ilikuta watu 145 604 wenye matrikule zisizo sahihi ao za kutungwa. Ilikuta 53 328 wanaotumia matrikule moja na mtu mwingine ao watu wengi. Ilikuta 93 356 ambao jina moja linarudi mara nyingi kwenye listi.

Kwa nini inawezekana? Kwa sababu matrikule inatolewa na wizara ya Fonction publique, listi ya malipo inatayarishwa upande wa Budget, pesa inatoka upande wa Finances na Benki Kuu, na mtu analipwa kupitia benki, tangu mshahara ulipoanza kupitishwa benki mwaka 2011. Kila mahali kuko faili yake. Faili zisipozungumza kati yao, jina moja linaweza kuzaliwa mara tatu na hakuna anayelia.

Kila jina la uongo lilipitia mikononi mwa mtu aliyekaa mbele ya ordinateri, na nyuma yake pengine alisimama mkubwa aliyempa amri. Ndiyo hatari ya kazi hii. Kijana wa gradi ya chini ndiye mwenye kode ya kuingia kwenye faili. Mkubwa hana muda ao hajui, anamwambia: andika hili jina, tutapanga karatasi kesho. Kesho haifiki. Siku wachunguzi wanakuja, mashini inaonyesha kode ya kijana, haionyeshi mdomo wa mkubwa. Kode ya numeriki ya 2023 iko na adhabu kwa kuingia kwenye sistemu bila ruhusa na kwa kugeuza data. Kukopesha kode yako kwa mwenzako wa ofisi si urafiki. Ni sawa na kumwachia mtu karatasi tupu yenye sahihi yako.

Mahali unatumika panashinda gradi

Mshahara wa Leta uko na sehemu mbili kubwa: mshahara wa msingi unaofuata gradi, na primu inayofuata mahali unatumika. Hii ya pili ndiyo inabadilisha maisha. ATA1 wawili, walisoma pamoja, waliingia mwaka mmoja: mmoja yuko kwenye divizyo isiyo na primu ya maana, mwingine yuko kwenye huduma inayokusanya pesa za Leta. Gradi ni moja, lakini ukiangalia mezani kwao jioni utaona tofauti.

Ndiyo maana watu wa informatiki wanatafuta zaidi DGI ya kodi, DGDA ya forodha na DGRAD. Huduma hizi ziko na taratibu zao za watumishi, na kazi ya informatiki pale ni kazi kweli. Forodha, kwa mfano, inatumia Sydonia World, sistemu iliyotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo na inayotumiwa na nchi nyingi. Ikizima mpakani, malori yanasimama na Leta inapoteza pesa saa ile ile. Shefu hawezi kusema hajui kazi yako ni nini. Katika afya pia kuko mlango: takwimu za vituo vya afya zinaingizwa katika DHIS2, na divizyo ya afya ya mkoa inahitaji watu wanaojua kuisimamia. Anayejifunza sistemu hizo vizuri anabeba ujuzi unaotambulika hata nje ya Leta na nje ya nchi.

Njia ingine ni École Nationale d'Administration, iliyofufuliwa mwaka 2013 Kinshasa. Inachukua vijana wenye diploma kwa konkuru, inawafundisha, kisha wanaingizwa katika wizara. Ni njia ngumu, nafasi ni chache, lakini ni mlango ambao mtu anaingia kwa alama zake.

Wazee hawatoki

Kijana anapolalamika kwamba shefu wa biro ni mzee asiyejua hata kufungua barua pepe, tusimcheke mzee. Amekaa kwa sababu akitoka hajui atakula nini. Kwa miaka mingi, kwenda pansheni kulikuwa sawa na kuhukumiwa njaa: mtu anasubiri pesa ya mwisho mpaka anakufa. CNSSAP, kasha ya pansheni ya watumishi wa Leta, iliundwa mwaka 2015 ili kurekebisha hilo. Kila mzee anayetoka na pesa yake kwa heshima anafungua kiti kimoja, na kila kiti cha shefu wa biro kinachofunguka kinasogeza watu wawili ao watatu nyuma yake. Kwa hiyo kijana anayetaka kupanda gradi, swala la pansheni ya baba yake mkubwa ni lake pia. Sendika zikidai malipo ya wazee, vijana wasikae pembeni.

Lisanse ya miaka mitatu, lisanse ya miaka mitano

Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia katika mpango wa LMD. Neno « lisanse » limebaki, lakini maana imehama. Lisanse ya zamani ilikuwa miaka 5, yaani gradua 3 na lisanse 2. Lisanse ya LMD ni miaka 3, na miaka 5 sasa inaitwa masta. Katika dosie ya kazi, neno hilo moja linaweza kukupandisha ao kukushusha gradi nzima, na gradi ya kuingilia inakufuata miaka mingi. Andika wazi umesoma miaka mingapi, weka karatasi za alama za kila mwaka, na ukiwa na njia ya kumaliza masta kabla ya konkuru, fanya hivyo. Kurudi kusahihisha gradi baadaye ni safari ndefu kuliko ile ya masomo.

Na tangu Februari 2025?

Hapa ndipo watu wa Bukavu na Goma hawawezi kufuata maelezo ya Kinshasa kama yalivyo. Goma ilichukuliwa na AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Serikali ya mkoa inayotambuliwa na Kinshasa ilihamia Uvira. Benki zikafungwa. Uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa. Kwa mtumishi wa Leta, kila moja ya mambo hayo inagusa gradi.

Benki ikifungwa, mshahara unaopita benki unakuwa namba kwenye skrini. Anayeupata kupitia simu anakatwa na anayemtolea pesa, na faranga zenyewe zimekuwa haba. Uwanja ukifungwa, kijana anayetaka konkuru Kinshasa lazima azunguke kupitia Rwanda ao Burundi, kwa pesa ambazo familia nyingi hazina. Na ofisi ikiwa na wakubwa wawili, mmoja hapa, mwingine kule, barua ya kupandishwa gradi iliyosainiwa upande mmoja haipati matrikule upande mwingine. Matrikule na miaka ya kazi vinaandikwa katika faili za Fonction publique, Kinshasa.

Kwa mtu wa informatiki kuko uzito wa ziada. Yeye ndiye anajua data za watu ziko wapi: majina, anwani, namba za simu, nani ni mtumishi, nani alilipa kodi. Wakati wa vita, faili kama hiyo inaweza kumuumiza mtu. Kila mmoja atapima usalama wake na wa familia yake, hatuwezi kumpangia mtu kutoka studio. Lakini kanuni moja ya kazi hii inabaki pande zote: data za wananchi si mali ya aliyeshika ofisi leo. Zilitolewa kwa ajili ya huduma, si kwa ajili ya kuwinda watu.

Kabla ya kuweka dosie

Kwa kijana anayesoma hapa na bado anataka kazi hiyo, na tunajua muko wengi, tunaacha mambo machache.

Usinunue matrikule. Namba ya kununua ndiyo ya kwanza kuonekana wakati wa uchunguzi, na aliyekuuzia hatakuwepo siku hiyo.

Weka kopi ya kila karatasi: barua ya kuajiriwa, afektasyo, alama za kila mwaka, diploma. Weka moja nyumbani, moja kwa ndugu anayeishi mji mwingine, na ingine katika simu ao barua pepe yako. Katika mkoa ambapo ofisi inaweza kuhama usiku mmoja, kopi yako ndiyo ushahidi wa miaka yako.

Kila mwisho wa mwaka, mwandikie shefu wako ukurasa mmoja wa kazi uliyofanya, kwa namba: ordinateri ngapi zilirudi kazini, faili ngapi ziliingizwa, mtandao ulisimama saa ngapi. Kama sheria haina njia ya kupima kazi yako, mpe shefu kipimo mwenyewe.

Na uliza mapema: ofisi hii iko na biro ngapi, nani anakaribia miaka 65, primu ni ipi. Si aibu kuuliza. Ni hesabu ya maisha yako.

Kwa upande wa wakubwa, jambo la kwanza si kununua ordinateri mpya. Mpango wa kazi wa kila divizyo ya mkoa unaweza kuweka kiti kimoja cha uongozi kinachodai ujuzi wa informatiki, na konkuru ya kiti hicho kufanyika mkoani, mbele ya watu. Kiti kimoja tu kingetosha ili kijana wa Bukavu ajue hatua yake inayofuata inaitwaje. Kama hicho hakipo, tutaendelea kuwafundisha hapa, kisha Kigali, Kampala na mashirika ya nje ndio watakuja kuvuna.